Tupeane uzoefu: ugomvi wa barabarani wakati bastola ipo kiunoni

Wana Mwanza na wenzetu wa kando ya ziwa, habari za kutwa. Uzi huu ni wa wale tunaomiliki silaha kihalali na tunaoendesha magari kila siku katika jiji hili la vilima, barabara chache na haraka nyingi. Naomba kila mmoja aeleze yaliyomkuta mwenyewe, si aliyoyasikia kijiweni.

Naanza na langu. Mimi nafanya biashara ya dagaa, na siku za kwenda Mwaloni Kirumba hubeba fedha taslimu, jambo ambalo ndilo lililonifanya niombe kibali. Jioni moja nilikuwa natoka mjini kuelekea Nyegezi, na nilipofika Mkuyuni daladala ikanichomekea kutoka kushoto na kuondoka na kioo changu cha pembeni. Nilipiga honi ndefu kuliko ilivyohitajika, hilo nalikiri. Daladala ikasimama mbele yangu, konda akashuka, akaanza kupiga boneti kwa kiganja huku akimtaja mama yangu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mimi natumia mkono wa kushoto. Nilichokuja kugundua ni kwamba mkono huo ulikuwa umeshaacha usukani na vidole vimeshainua pindo la shati, wala sikumbuki kuutuma. Mke wangu, aliyekaa kando, aliuona kabla yangu, akaweka wake juu yake na kuukandamiza bila kusema neno.

Nilifunga milango, nikateremsha kioo kwa upana wa vidole viwili, nikasema, "Kaka, honi ile nimekosea, samahani sana." Yule kijana alinitazama kama mtu aliyekuja na maneno mengi akakuta hayana pa kutumika, kisha akapiga bati la gari lao na wakaondoka. Kioo kilikuwa changu na kosa lilikuwa lao, lakini aliyeomba radhi ni mimi, na hadi leo naona nilifanya sawasawa.

Mchangiaji wa Buzuruga:
Ndugu, wewe una bahati, kwa maana mimi niliitoa. Bodaboda alinikwangua bampa, tukashuka, tukabishana, akanisukuma kifuani. Nikachomoa bastola na kuielekeza chini, nikidhani kwamba kuionyesha tu kungemaliza mazungumzo. Kabla sijafungua kinywa, mtu nyuma yangu akapaza sauti, "Jambazi!" Sote tunajua neno hilo linafanya nini katika stendi ya bodaboda. Nilizungukwa na vijana wenye mawe mikononi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nafasi ya kusoma kibali changu. Askari wa usalama barabarani ndiye aliyeniokoa. Tulipofika kituoni, yule aliyenikwangua bampa akawa mlalamikaji na mimi nikawa mtuhumiwa, na bastola ikabaki huko kwa miezi mingi. Bampa nilitengeneza mwenyewe.

Mchangiaji mstaafu wa kazi ya ulinzi:
Niongeze ya kisheria kidogo, maana wengi tunachanganya. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujitetea, lakini nguvu unayotumia lazima ilingane na hatari iliyo mbele yako, na tusi, hata liwe zito namna gani, si hatari. Kibali chenyewe kipo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kinaweza kufutwa. Ukisimamishwa na trafiki, acha mikono yote juu ya usukani na useme mapema, "Afande, ninamiliki silaha kihalali, ipo kiunoni, naomba maelekezo." Usiipapase kwanza ndipo useme. Tena, msiiweke kwenye dashibodi, kwa sababu mtu akishuka kwa hasira huacha mlango wazi, na silaha inabaki na yeyote atakayepita, au na mtoto aliyeketi nyuma.

Mwanzisha uzi:
Mzee wangu, shikamoo. Na kama angevunja kioo akanivuta nje?

Mchangiaji mstaafu wa kazi ya ulinzi:
Marahaba. Swali lako linaanzia kwenye jinsi ulivyosimama. Kwenye foleni, simama mahali ambapo unaona matairi ya nyuma ya gari la mbele yanavyogusa lami. Ukiyaona, una nafasi ya kukata usukani na kuondoka bila kurudi nyuma. Ukishaondoka, usiende nyumbani ukiwa na mtu nyuma yako. Piga 112, au elekea kituo cha polisi kilicho karibu. Mwenye silaha anayeweza kuondoka na hakuondoka atakuwa na kazi kubwa ya kueleza mahakamani kwamba hakuwa na njia nyingine.

Mchangiaji wa Igoma:
Mimi ni mama, naendesha kigari kidogo, na sina silaha, ila nilishuhudia madereva wawili wamekunjana mashati asubuhi, na mmoja wao kiuno kimetuna kwa namna ambayo kila mtu aliielewa. Mzee mmoja wa baiskeli, mwenye mkungu wa ndizi nyuma, alisimama katikati yao na kusema, "Mwangaluka!" Wote wawili ni Wasukuma, na salamu ya mzee haiachwi hewani. Waliachia mashati ili waitikie, na walipokwisha kuitikia hawakujua waanzie wapi tena.

Mwanzisha uzi:
Nimecheka, mama, lakini nimelichukua. Kwa upande wangu, siku ambazo sina fedha za mzigo bastola inabaki nyumbani ndani ya kasha lililofungwa. Mke wangu huniuliza mlangoni, "Leo unayo?" Nikimjibu kwamba ninayo, hunyoosha mkono, huchukua funguo, na yeye ndiye anayeendesha.