Tafsiri ya mashine inapita herufi 160 za SMS. Nitaifupishaje bila kuikata?

Nyalenda_Juu:
Wadau, habari za huko. Niko Kisumu, nasaidia chama cha wakulima chenye wanachama Nyando, Vihiga na Butere. Natuma SMS za ushauri wa shamba. Wengi wana kabambe, zile simu za vitufe, kwa hivyo WhatsApp hapana. Wataalamu hutuletea ujumbe kwa Kiingereza, programu inatafsiri kwa Kiswahili na Dholuo, mimi napitisha macho na kutuma.

Shida ni urefu. Kiingereza kinaingia kwenye SMS moja, Kiswahili kinamwagika hadi ya pili, na kampuni inayotutumia inatoza kila kipande. Ona hii ya leo:

"Tafadhali hakikisha kwamba unatumia mbolea ya kukuzia wakati mahindi yako yanapofikia urefu wa magoti."

Herufi 102, na bado sijaweka jina, kipimo wala tarehe! Natumia NLLB, mashine ya kutafsiri ya Meta, ile ndogo ya vigezo milioni 600 (nambari ilizojifunza), kwenye laptopu ya ofisi. Kuna namna ya kuiambia mashine isipite hapa? Kuhariri kila moja kwa mkono siwezi, mvua ndefu zikianza jumbe ni nyingi mno.

kodi_kondele:
Rahisi. Weka max_new_tokens, kikomo cha tokeni ambazo mashine inaruhusiwa kutoa, iwe ndogo. Kwisha.

Jaber_Maseno:
Omera, hapo utaua mimea ya watu. Kikomo hicho hakiifanyi mashine iseme kwa ufupi, kinaizima tu ikifika hapo. Ujumbe utaishia "Nyunyizia dawa asubuhi, lakini usi" na mkulima abaki anakisia. Tena tokeni si herufi. Mashine inakata maneno vipande vipande, na neno kama "yanapofikia" linaweza kuwa vipande viwili au vitatu. Hutajua umebana kiasi gani.

@Nyalenda_Juu, usiombe tafsiri moja. Washa utafutaji wa njia nyingi (num_beams), yaani mashine ifuate njia kadhaa za kutafsiri kwa pamoja, kisha num_return_sequences iwe 8 au 10. Utapata tafsiri kadhaa za sentensi ileile. Hesabu herufi za kila moja kwa Python, tupa zinazozidi, na kati ya zilizobaki chukua ile ambayo mashine yenyewe imeipa alama nyingi zaidi za ubora. Ukitaka kuivuta upande wa ufupi, kuna length_penalty. Angalia hapo, watu wengi huigeuza: nambari juu ya sifuri inapendelea ndefu, chini ya sifuri inapendelea fupi. Bila njia nyingi haifanyi chochote. Na usiishushe sana, mashine itaanza kuruka maneno.

mzee_wa_SMS:
Kabla hamjafika mbali, Nyalenda, angalia ile alama ya juu kwenye "ng'ombe". Iwe ile iliyonyooka. Programu za kuandikia huibadilisha kuwa iliyopinda, na hiyo haimo katika orodha ya kawaida ya herufi za SMS. Ikiingia hata moja, ujumbe wote unahamia mfumo wa herufi 70 badala ya 160, na ukigawanywa kila kipande kinabeba 67 tu. Ujumbe wa herufi 150 unalipiwa kama SMS tatu! Dholuo ina ng' kila mahali, kwa hivyo huenda nusu ya bili yenu iko hapo wala si kwa mashine.

Nyalenda_Juu:
Wueh. Nimefungua jumbe za Dholuo za wiki iliyopita. Zilizopinda zimejaa.

bwana_shamba_Butere:
Mimi si mtu wa kompyuta, lakini jumbe hizi huishia kwangu, wakulima wakija kuniuliza zilimaanisha nini. Huo mfano wako mimi ningeandika: "Mahindi yakifika magotini, weka mbolea ya kukuzia." Basi. Hizo "tafadhali hakikisha kwamba" zimetoka kwa Kiingereza cha wataalamu wenu. Waambieni wafupishe huko kwanza, kabla ya mashine.

Na mkifupisha, kipimo kisiguswe, siku zisiguswe, na "usi" isipotee. Kati ya "nyunyizia" na "usinyunyizie" kuna shamba zima la mtu.

Jaber_Maseno:
Bwana shamba, asante. Nimehesabu yako: herufi 50. Kuhusu kipimo, programu inaweza kukagua yenyewe: kila nambari iliyo kwenye Kiingereza lazima ionekane kwenye tafsiri, la sivyo tafsiri inatupwa hata kama ni fupi na tamu. Kukanusha ni kugumu zaidi, hapo weka jicho la mtu.

kodi_kondele:
Sawa, nimesalimu amri. Lakini hakuna mashine iliyofundishwa ufupi tangu mwanzo?

Jaber_Maseno:
Njia ipo. Lakew, Di Gangi na Federico waliieleza mwaka 2019. Kila jozi ya mafunzo, yaani sentensi na tafsiri yake, inawekewa alama kulingana na uwiano wa urefu wa tafsiri na asili: fupi, kawaida au ndefu. Ukitafsiri unatanguliza alama ya fupi, na mashine inafuata. Lakini lazima uifundishe upya kwa jozi nyingi za Kiswahili na za Dholuo. Kwa laptopu ya ofisi, sahau kwa sasa.

Nyalenda_Juu:
Nimejaribu zile tafsiri kumi kwa jumbe za wiki hii. Kiswahili, nyingi zimeingia kwenye SMS moja, hasa baada ya kupunguza Kiingereza kama alivyosema bwana shamba. Dholuo bado zinafanana mno, kumi zote ni kama moja iliyobadilishwa nguo. Hizo nitakaa nazo na mama mmoja wa Ahero anayeandika Dholuo vizuri.

Swali dogo: jina la mkulima linaingizwa na mtambo wakati wa kutuma. Nihesabu vipi?

mzee_wa_SMS:
Chukua jina refu kuliko yote kwenye orodha yenu, toa urefu wake kwa 160, kinachobaki ndicho kikomo cha tafsiri. Na majina pia yapitishe kwenye ukaguzi wa alama iliyopinda, usimsahau Nyang'au.