Mzee kaambiwa azibuliwe mishipa ya mguu kwa puto. Inadumu kweli?

Kisiki: Heshima kwenu wakuu. Mzee wangu akitembea kidogo tu kigimbi kinamkaza hadi asimame. Kapimwa: chini ya goti mishipa mikubwa ni mitatu, miwili imeziba. Daktari anataka kupitishia waya kinenani, apanue kwa puto, ganzi ya hapo hapo tu. Nasikia huziba tena. Inadumu?

MamaPacha: Pole mwaya. Mjomba wangu alianza hivyo hivyo, tukahangaika naye, mara mke kaondoka, mara ndugu wanagombea nyumba mtu yupo hai... Ndugu si watu.

Kobe_Mzee: Mjomba kapona au?

MamaPacha: Mguu alikatwa. Nyumba ndiyo iliniuma.

NesiWaZamu: Kisiki, kwa maumivu ya kutembea peke yake madaktari hawakimbilii mishipa ya chini ya goti. Mtu huambiwa aache sigara, ale dawa, afanye mazoezi ya kutembea. Kuna kitu umekificha. Ana kidonda?

Kisiki: Kipo kidogo, kidole gumba. Hakiumi.

NesiWaZamu: Cha lini? Ana sukari?

Kisiki: Wiki ya sita. Sukari miaka 15. Pembeni pameanza weusi. Ila msinirukie, miadi ilikuwa Jumatatu, nimeisogeza mwezi mmoja tujaribu kukanda maji ya moto kwanza. Mbona kipimo cha presha ya kifundo cha mguu, ikigawanywa kwa ya mkono, kilisoma 1.5? Si ndiyo damu inapita vizuri?

NesiWaZamu: Hiyo 1.5 ndiyo inayonitisha. Mishipa ya mwenye sukari hukakamaa kwa chokaa, mkanda wa presha unashindwa kuibana, namba inapanda bure. Apimwe presha ya kidole cha mguu. Na maji ya moto acheni leo, mguu uliokufa ganzi unaungua bila kujua.

Kuziba tena ni kweli, hiyo ni mirija ya milimita 2 hadi 4, na wengi hubana ndani ya mwaka. Lakini kidonda hudai damu nyingi kinapopona. Kikishafunga, mguu waweza kuishi na damu kidogo. Utafiti wa BASIL-2, wagonjwa 345, ulitoka 2023: walioanza na baipasi (upasuaji wa kupandikiza mshipa mwingine ili damu ipite kando ya palipoziba), 63% walikatwa mguu au kufariki, walioanza na njia ya puto 53%. BEST-CLI wa 2022 ukaipa baipasi ushindi kwa wenye mshipa mzuri wa kupandikiza. Kwa hiyo aulize kama anao.

Kobe_Mzee: 53%? Hiyo ndiyo habari njema?

NesiWaZamu: Hao wengi ni wagonjwa wenye moyo au figo taabani. Figo nazo zipimwe kabla ya ile rangi inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha.

Kobe_Mzee: Wa kwanza kabisa kuzibuliwa mshipa wa mguu kwa kupitishiwa mrija, Marekani 1964, alikuwa bibi wa miaka 82 aliyegoma kukatwa. Dk. Charles Dotter akamzibua, mguu ukabaki. Wabishi wanaishi.

Pilipili: Wakuu, chai hii. Jumapili huyu huyu kauliza viatu vya mtu mwenye kidonda, kaandika "kidole CHANGU". Leo ni cha mzee?

MamaPacha: Jamani! Nimeenda kuchungulia, kweli.

Kobe_Mzee: Chai, na sukari imo tayari.

Pilipili: Mods wafunge uzi.

Kisiki: Msifunge. Mguu ni wangu. Nyumbani wanajua nina fangasi, silali bila soksi.

Pilipili: ...Pole mkuu.

NesiWaZamu: Unavuta?

Kisiki: Nimepunguza.

NesiWaZamu: Piga simu sasa hivi, waambie kidole kinageuka cheusi, wakurudishie Jumatatu au wakuone mapema zaidi. Homa ikipanda au harufu ikianza, usisubiri miadi.

Kisiki: Sasa hivi watakuwa wamefunga.

MamaPacha: Jumatano saa nne asubuhi?

Kisiki: Haya. Inaita.