Harufu ya mkojo wa paka sebuleni na chumbani: nitumie nini kisichodhuru wanyama?

mwana_njiro
Wadau habari za jioni. Nyumba ina paka wawili (dume mmoja hajahasiwa), mbwa mmoja, na vifaranga wa wiki mbili storini. Sebuleni marumaru, chumbani sementi iliyopigwa nta, na zulia moja kubwa. Tangu baridi hii ya Arusha ianze, madirisha yanafungwa kuanzia saa kumi na mbili jioni, asubuhi ukifungua mlango harufu inakaba. Kwa sasa deki inapigwa na Dettol, pembeni inamwagwa Jik, nyuma ya makochi kuna vidonge vya naftalini, jioni ubani. Jirani anashauri mafuta ya mchaichai na karafuu kwenye kile kifaa cha umeme cha mvuke. Kipi kibaki, kipi kiondoke?

dkt_wa_mifugo_moshi
Naftalini zitoe leo hii, zote, hata za kabatini. Mbwa au paka akitafuna kidonge, chembe nyekundu za damu zinaanza kuvunjika: ufizi unapauka, mkojo unakuwa wa kahawia, na dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa.

Dettol itoe kwenye deki. Kwa kanuni ya haraka, dawa yoyote ya sakafu inayogeuka nyeupe ukiimimina kwenye maji usiitumie kwenye nyumba yenye paka. Nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, na ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuichakata. Mbwa anahimili zaidi kidogo. Wala paka hahitaji kuinywa: anatembea kwenye sakafu mbichi, anakaa pembeni, analamba nyayo.

Kwa jirani, asante, lakini hapana. Karafuu ina eujenoli, ambayo nayo ni fenoli. Mafuta yaliyokamuliwa ya mkaratusi, mdalasini, maganda ya machungwa na mti-chai yako kundi hilohilo la kuepukwa. Kifaa cha mvuke kinarusha matone madogo yanayotua kwenye manyoya, na paka anajisafisha kwa ulimi. Ukiona anatoa udenda, anayumba au anatetemeka, muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, usimtapishe, mpeleke kwa daktari pamoja na chupa yenyewe.

Ubani tatizo lake ni moshi. Fukiza wanyama wakiwa nje na madirisha wazi, wakae nje mpaka moshi uishe. Ila chetezo cha makaa (au jiko la mkaa la kuotea) kwenye nyumba iliyofungwa kinatoa gesi ya kaboni monoksaidi, inaua watu pia. Vifaranga ndio watakaoanguka kwanza. Hao hao msiwapulizie hata dawa za harufu za kopo, mapafu ya ndege hayavumilii.

Dume mhasi. Akiwa anasimama, mkia juu, anarusha kwenye ukuta au mguu wa kochi, huo si uchafu, ni kuweka mipaka, na hakuna sabuni itakayomshinda. Baada ya kuhasiwa harufu hupungua ndani ya wiki chache. Lakini akiwa anachuchumaa mara kwa mara na kutoka tone tu, au hakuna kitu, usisubiri kesho: njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili.

fundi_sakafu
Daktari kasema ya kuondoa, mimi niseme ya kusafisha.

Kwanza tafuta mkojo ulipo. Chukua kile kitochi cha mwanga wa zambarau wanachotumia kukagua noti, zima taa zote usiku, mulika karibu na sakafu na ukuta mpaka urefu wa goti. Mkojo mkavu unang'aa rangi ya njano-kijani. Zungushia chaki. Watu wengi wanaosha pale wanapohisi harufu kumbe dimbwi lenyewe liko mita moja pembeni, chini ya ukingo wa zulia.

Mkojo wa paka una sehemu mbili. Urea inageuzwa na bakteria kuwa amonia, hiyo inatoka kwa maji na sabuni. Asidi ya yuriki inaganda chembechembe ambazo maji peke yake hayaziyeyushi vizuri. Ndiyo maana kiangazi unadhani umemaliza, masika ikileta unyevu harufu inarudi palepale. Hapo unahitaji vimeng'enya (enzaimu, zinazovunjavunja uchafu). Dawa maalumu ya mkojo wa wanyama ukiipata, tumia hiyo. Ukiikosa, sabuni ya unga ya kufulia iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ina vimeng'enya: gramu 100 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Yakiwa ya moto sana vimeng'enya vinakufa, na Jik inaviua vilevile.

Mkojo mbichi unyonye kwa kitambaa ukikandamiza kwa uzito wako, usisugue, unausambaza. Suuza kwa maji baridi. Mimina ile sabuni ipite kina kilekile mkojo ulipofika. Kupaka juu juu ni kazi bure. Funika kwa nailoni saa moja hadi mbili isikauke. Suuza vizuri, maana sabuni iliyobaki inawasha nyayo, kisha kausha kabisa kabla ya kuruhusu wanyama.

Jik usimwage kwenye mkojo. Inakutana na amonia inatoa gesi ya kloramini, ndiyo ile inayochoma macho na kukohoza. Ukichanganya na siki ni mbaya zaidi, inatoka klorini. Kama lazima uitumie marumaru, mkojo uwe umeshaoshwa ukaisha, sehemu moja ya Jik kwa thelathini za maji, dakika kumi, suuza, kausha.

Siki nyeupe ya asilimia 5, nusu kwa nusu na maji, inatosha kwa marumaru za vigae (si jiwe halisi la marumaru). Kwenye sementi na terazo usiiweke, asidi inakula sementi na kuacha vitundu ambavyo mkojo utaviingia kirahisi zaidi. Sakafu yako ya chumbani huenda nta imeshaisha pale pembeni. Toa nta ya zamani, tibu kwa vimeng'enya mara mbili, acha ikauke siku kadhaa, ndipo upige rangi ya sakafu au silanti (dawa ya kuziba vitundu). Ukipiga juu ya unyevu itabanduka.

binti_wa_rau
Nyongeza tu. Watu wa Moshi tunapenda kuweka unga wa kahawa kwenye bakuli kunyonya harufu. Mbwa akiula, kafeini inamkimbiza moyo. Weka bekingi soda mahali wasipofika, au makaa makavu kwenye kikopo chenye kifuniko kilichotobolewa. Na magadi ya Natron si bekingi soda jamani, ni makali zaidi, yanachubua ulimi na nyayo.

Choo cha paka: paka wawili, masanduku matatu, kila moja sehemu yake. Maranda makavu ya seremala kina cha sentimita tano yanafanya kazi vizuri kuliko mchanga. Usichukue vumbi la msumeno, wala ya mbao zilizotiwa dawa (za kijani), wala ya plaiwudi. Chota kila siku, mwaga yote mara mbili kwa wiki, osha sanduku kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida. Usimwage kwenye bustani ya mchicha, na mjamzito asishike kazi hiyo.

Maua ya kuleta harufu: waridi halina shida, lily usiingize ndani kabisa. Hata chavua yake iliyodondoka kwenye manyoya inaweza kuua figo za paka.

mwana_njiro
Asanteni sana. Naftalini na Dettol vimetoka. Zulia ni la sufu, hiyo sabuni ya vimeng'enya inafaa?

fundi_sakafu
Hapana mkuu, usiitumie. Vimeng'enya vinavyokula protini vinakula na sufu. Kwa hilo siki na maji nusu kwa nusu, jaribu kwanza kona iliyofichika uone kama rangi inatoka, kisha maji baridi, halafu lianike kivulini penye upepo pande zote mbili. Likiwa limelowa mpaka mgongoni, lipeleke kwa waoshaji wa mazulia na uwaambie mapema kuwa ni sufu na ni mkojo wa paka. Pale chini ya zulia osha sakafu kabla hujalirudisha.