Mjadala: Biashara zetu hazibuni kitu kipya. Ni mtazamo wetu, au ni marejesho ya kila Ijumaa?

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kwenye semina za ujasiriamali kuna hoja moja isiyokosekana: biashara zetu hazizai kitu kipya kwa sababu ya fikra zetu wenyewe. Mmoja akifungua banda la chipsi likachangamka, baada ya muda mtaa mzima ni chipsi. Mmoja akiwa wakala wa miamala ya simu, kando yake wanaibuka wanne. Watoa mada wanasema umaskini uko kichwani, badilisheni mtazamo kwanza na mtaji utafuata.

Naipinga hoja hiyo. Si yote, lakini sehemu yake kubwa.

Nianze na ushahidi unaowapa nguvu, kwa sababu upo na ni mzito. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanyika Lomé, Togo, kwa wafanyabiashara wadogo 1,500. Theluthi moja walipewa mafunzo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, kusimamia wafanyakazi. Theluthi nyingine walifundishwa kujituma: kuanza bila kusukumwa, kutafuta fursa kabla ya wengine, kutorudi nyuma kikwazo kinapojitokeza. Waliobaki hawakufundishwa chochote. Faida ya waliofundishwa kujituma ilipanda kwa asilimia 30. Wale wa mafunzo ya kawaida walipata asilimia 11, na kitakwimu hiyo haikutosha kusema kuna tofauti. Kundi la kujituma ndilo pia lililoleta bidhaa mpya zaidi sokoni. Kwa hiyo mtazamo unafundishika, na unalipa.

Ila angalieni walifundishwa vipi. Yalikuwa mafunzo ya saa 36, kisha mkufunzi akawa anamfuata kila mmoja kwenye biashara yake mara moja kwa mwezi, kwa miezi minne. Huwezi kulinganisha hilo na mtu anayepewa maikrofoni kwa saa mbili, awaambie vijana wawe na ndoto kubwa, halafu apande gari lake aondoke.

Sasa twende Nigeria. Mwaka 2011 serikali yao ilianzisha shindano la mipango ya biashara lililoitwa YouWiN!. Waliovuka mchujo wa kwanza walipewa mafunzo ya siku nne ya kuandaa mpango wa biashara. Waliofika nusu fainali wengi wao walichaguliwa kwa bahati nasibu nani apate ruzuku na nani akose. Ruzuku ilikuwa wastani wa dola 50,000 kwa mtu, na washindi kwa jumla walikuwa 1,200. Hapo kuna watu wenye ari ile ile, elimu ile ile, mafunzo yale yale, na tofauti kubwa ni pesa. Baada ya miaka mitatu, waliopata ruzuku ndio walioendelea na biashara kwa wingi zaidi, ndio waliofikisha wafanyakazi 10 na kuendelea, na walikuwa wamezalisha ajira zaidi ya 7,000. Kama kikwazo kilikuwa kichwani, pesa isingetenganisha makundi hayo kiasi hicho.

Niwaletee fundi mmoja wa kuchomelea ninayemfahamu hapa Dar es Salaam. Anatengeneza mageti, grili za madirisha na mashine za kupukuchua mahindi. Ana wazo la mashine ndogo ya kupukuchua na kupepeta kwa pamoja, inayoendeshwa na injini ya pikipiki, kwa ajili ya mkulima wa eka mbili tatu asiyemudu zile kubwa. Mchoro upo, kauchora kwa chaki kwenye ukuta wa karakana. Mashine yenyewe hajaitengeneza.

Kwa nini? Mteja akiagiza geti anatoa advansi, na advansi hiyo ndiyo inayonunua chuma na rodi, ndiyo inayolipa luku. Karibu kila shilingi inayopita mkononi mwake ina mwenyewe. Akikata bati kwa kujaribu na mashine ikagoma, amekata bati la mteja. Juu ya hapo ana mkopo wa kikundi wenye marejesho kila Ijumaa, iwe kapata kazi wiki hiyo au hakupata. Na tuseme amefanikiwa: jirani atakuja na futi kamba, atapima, na wiki inayofuata atauza ile ile kwa bei ya chini, maana yeye hakubeba gharama ya kukosea. Mtu huyu akiendelea na mageti mnamwambia ana fikra za kimaskini? Amepiga hesabu, na hesabu yake iko sawa.

Huko Kolkata, India, watafiti waligusa jambo hilo moja la marejesho. Wakopaji wengine walianza kulipa baada ya wiki mbili kama ilivyo desturi, wengine wakapewa miezi miwili ya kupumua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliopewa nafasi waliwekeza zaidi kwenye biashara na baadaye faida zao zikawa juu. Pia walioshindwa kulipa waliongezeka, na hilo lisifichwe. Lakini hakuna aliyekuwa amewafundisha ujasiri. Ilibadilika tarehe ya kuanza kulipa, na watu wakathubutu.

Ndiyo maana mikopo yetu ya halmashauri inanipa mawazo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo hiyo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni jambo jema na haina riba. Ila kwa kawaida inakwenda kwa vikundi. Mkiwa kikundi na mmoja akikwama wenzake wanambeba, mtachagua mradi gani? Bodaboda, kuku, saluni. Kitu ambacho kila mmoja amekiona kikilipa kwa jirani. Halafu tunashangaa kuwa wanaigana. Sizungumzii hata mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, ambayo mtu akishaingia hana tena muda wa kuwaza mwaka kesho.

Najua mtanitajia M-Pesa. Vizuri, tuitazame. Majaribio yake Kenya mwaka 2005 yalilenga wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Wao wakaanza kutumiana pesa. Huo ni ubunifu wa wananchi wa kawaida, na unanitia fahari. Lakini majaribio hayo yalichangiwa na fedha za misaada za Uingereza, nyuma yake walikuwa Vodafone na Safaricom wenye uwezo wa kupoteza wasife, na Benki Kuu ya Kenya iliiacha huduma ianze mwaka 2007 kabla ya kuwa na sheria yake maalumu. Mjasiriamali mdogo wa kwetu anapata lipi kati ya hayo matatu? Julai 2021 hapa Tanzania zililetwa tozo za miamala ya simu, na mnamo Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30 kutokana na malalamiko. Aliyekuwa amejenga wazo lake juu ya malipo ya simu alipata somo gani kuhusu kuthubutu?

Pendekezo langu: halmashauri zitenge fungu dogo la ile asilimia 10 kwa ajili ya majaribio tu. Mtu mmoja mmoja, si kikundi, mwenye kazi inayoonekana, apewe vifaa badala ya fedha taslimu, na asianze kurejesha mpaka amalize kujaribu. Fundi wangu anahitaji mabati, injini moja kuukuu na miezi mitatu.

Maafisa maendeleo ya jamii mliomo, nisahihisheni: ni sheria inayozuia, au ni hofu ya kuhojiwa na mkaguzi wa hesabu? Na nyie mnaoamini ni mtazamo tu, nijibuni kuhusu Nigeria.