Wanakopi ubaoni vizuri, kusoma hakuna: kiziwi na mwenye usikivu hafifu darasa la tatu

Mwl_Chamwino

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaofundisha viziwi. Shule ni ya kawaida, darasa la tatu, watoto 70 na kitu. Wawili hawasikii sawa na wenzao. Wa kwanza ana miaka 11, kiziwi kabisa, anajua Lugha ya Alama kiasi kwa sababu alipita kwenye kitengo cha wanafunzi viziwi kabla ya kuhamia huku. Wa pili ana miaka 9, usikivu hafifu, anavaa shimesikio (mashine ya kusaidia kusikia) moja, sikio la kulia.

Mwandiko wao unawashinda wengi wanaosikia. Futa ubao sasa. Wa kwanza anaandika "Mama kwenda soko nunua nyanya jana". Wa pili anachanganya "anapenda" na "hapendi", na kwenye imla anapata 2 kati ya 10, mahali pa "baba" kaweka "mama".

Niendelee na ba be bi bo bu kama wengine? Imla niifanyeje? Na kuna mwenzangu ofisini anasema nikizidisha alama za mikono hawatajua Kiswahili kamwe. Ni kweli?

KadiNaChaki

Mwalimu, nianze na imla maana hiyo ni rahisi. Simama mbele ya kioo, sema "baba", "mama", "papa" bila kutoa sauti. Midomo inafumba na kufumbuka vilevile mara zote tatu. "Dada" na "tata" nayo ni hivyo hivyo. K, g na h zinatokea huko nyuma, hazionekani kabisa. Kwa hiyo huyo wa pili hakukosea tahajia, alipewa fumbo lenye majibu matatu akachagua moja. Kwa kiziwi, imla ya mdomo iondoe. Toa sentensi kwa Lugha ya Alama, yeye aiandike kwa Kiswahili. Hapo unapima kama anajua Kiswahili, hupimi kama anajua kubahatisha midomo.

Silabi: kwa anayesikia, b na a zinaungana kuwa "ba" kwa sababu sikio linaliunga. Kwa kiziwi "ba" ni michoro miwili tu. Anaweza kuimaliza chati nzima kwa kukariri na asijue hata neno moja. Anza na neno zima lenye maana, kisha livunje. Njia inayotumika ni ya mnyororo: onyesha kitu au picha, toa alama yake, liandike neno kwa herufi za vidole (kila herufi ina umbo lake la mkono), onyesha neno lililoandikwa kwenye kadi, halafu rudia alama. Maneno 4 au 5 mapya kwa siku yanatosha, na ya jana yarudiwe kabla ya ya leo.

Hapo kwenye herufi za vidole wengi tunaharibu. Tunapiga herufi moja moja na kusimama katikati, k… i… s… u, mkono unarukaruka. Mtoto anaona herufi nne, haoni neno. Mkono utulie karibu na bega, usifunike uso, neno liende kwa mkupuo mmoja laini. Akizoea, atalitambua kwa umbo lake, kama wewe unavyolitambua "Dodoma" kwenye kibao cha basi bila kusoma herufi.

Mzee_wa_Kongwa

Mimi nakubaliana na huyo mwenzake wa ofisini. Alama zinamfanya mtoto mvivu wa kusema. Abanwe asome midomo, atazoea tu.

KadiNaChaki

Mzee wangu, heshima yako, lakini hilo lilishajaribiwa kwa miaka mia. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 ulipitisha kwamba lugha ya alama iondolewe madarasani. Mwaka 2010, kule Vancouver, mkutano huohuo wa kimataifa ulilikana azimio lile na kusikitikia madhara yake. Tafiti za Marekani kuhusu lugha ya alama ya kwao nazo zimerudia kuonyesha kwamba watoto viziwi wenye lugha ya alama iliyokomaa ndio mara nyingi wanaosoma vizuri zaidi. Sababu haina uchawi: maandishi yanahitaji lugha ya kushikia. Mtoto asiye na lugha yoyote kichwani, neno "kesho" litashikia wapi?

Ila kwenye hoja yako kuna punje ya kweli. Lugha ya Alama ya Tanzania si Kiswahili cha mikono. Ina sarufi yake, haina "a-na-ki-" wala ngeli. Mtoto akibaki na alama tu bila kuonyeshwa jinsi maandishi yanavyofanya kazi, ataandika kama huyo wa "Mama kwenda soko". Dawa ni kuziweka lugha mbili ubavu kwa ubavu, si kumnyima moja.

Sikio_la_Kulia

Naongeza kuhusu huyo wa usikivu hafifu, maana watu humchukulia kama "anasikia kidogo, basi inatosha".

Sarufi ya Kiswahili imekaa sehemu ambayo yeye haisikii. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "anapenda" na "hapendi": kinachopanda ni "pe" kwenye yote mawili. Ukanushi umebebwa na "ha", ambayo ni pumzi tu, na "i" ya mwisho inayofifia. Kwake yote mawili yanafika kama "…a-PEN-…". Hajachanganyikiwa, anajaza mapengo. Kwa hiyo kila kauli ya kukanusha iende na kutikisa kichwa, na iandikwe ubaoni ikiwa imegawanywa: ha-pend-i, chaki ya rangi kwenye "ha" na "i".

Mashine yenyewe uipime kila asubuhi, dakika moja. Sema sauti sita: a, u, i, m, s, sh. Funika mdomo kwa karatasi ili asisome midomo, anza mita 1, kisha mita 3, na usizifuate kwa mpangilio uleule. Anarudia alichosikia. Jana alisikia "s" na "sh", leo hasikii? Mashine ina tatizo, mtoto hana kosa.

Yanayoharibika mara nyingi:

Betri. Ni za zinki na hewa, zinaanza kufa mara kibandiko kikitolewa, na kukirudisha hakuzizuii. Toa kibandiko, subiri kama dakika moja, ndipo uifunge ndani. Namba 13 ina kibandiko cha rangi ya chungwa, 675 cha bluu, usichanganye. Hewa kavu ya kiangazi cha huku kwetu inazikausha mapema kuliko paketi inavyoahidi. Usiku kimlango cha betri kiachwe wazi.

Kile kipande laini kinachoingia sikioni. Kitenganishwe na mashine, kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikauke kabisa. Tone moja la maji kwenye kamrija linaziba sauti yote. Mashine ikipiga mluzi, mara nyingi sikio limekua na kipande kimebaki kidogo, au kuna nta. Mluzi usiutibu kwa kupunguza sauti, mpeleke idara ya masikio akapimwe na kutengenezewa kipya.

Mahali pa kukaa: mashine iko kulia, basi akae upande wa kushoto wa darasa akitazama ubao, dawati la kwanza au la pili, ili sikio lake lenye mashine lielekee kwako na kwa wenzake. Wewe usisimame mgongo ukiwa dirishani. Kwa jua la Dodoma uso wako unakuwa kivuli cheusi, midomo hakuna. Na usiongee huku unaandika ubaoni: andika, geuka, sema.

Mwl_Chamwino

Asanteni sana, jamani hilo la dirisha sikulifikiria. Sasa viambishi kwa huyu kiziwi? Ngeli nane kwa mtoto ambaye hajawahi kusikia hata moja, naanzia wapi?

KadiNaChaki

Usianze na ngeli. Anza na nafsi, kwa sababu alama zinakusaidia. Katika Lugha ya Alama, kitendo cha kutoa kina mwelekeo: mkono unatoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji. Maana ya "ni-" na "-m-" tayari anayo mkononi, hajui tu kwamba inaandikwa.

Chukua manila, kata kadi mbili: NIMEMPA na AMENIPA. Mpe zabibu kumi, mwenzake akae mbele yake na kumi nyingine. Onyesha kadi bila alama yoyote, yeye asogeze zabibu. Mara kumi, kwa kuchanganya. Akipata 5 anabahatisha, akipata 9 anasoma. Kisha kata kadi vipande, ni-me-m-pa, a-me-ni-pa, aziunge mwenyewe. Baada ya hapo ongeza "-ku-". Ngeli zije baadaye, mbili kwa wakati, kwa vitu vya mkononi: kiti hiki, viti hivi.

Sentensi yake ya sokoni usiijaze wino mwekundu. Maana imekaa sawa. Iandike upya chini yake: "Jana mama alikwenda sokoni kununua nyanya", na wiki hii fuatilia "ali-" peke yake. Wiki ijayo "-ni" ya sokoni, nyumbani, shuleni. Ukisahihisha matano kwa pamoja hajifunzi hata moja.

Halafu kuna "piga", mtego wa Kiswahili chenyewe. Anajua alama ya kuchapa, kisha anakutana na "Mama anapiga pasi" na kumwona mama akiichapa pasi. Piga simu, piga picha, piga kura, piga hodi: kila moja ina alama yake. Toa alama ya maana, si ya neno, na yaandikwe kwenye daftari yakiwa mawili mawili, "piga pasi" kama kitu kimoja.

Mzee_wa_Kongwa

Na nyumbani? Wazazi wengi vijijini wanaongea Kigogo, mtoto anafundishwa Kiswahili, na alama hawajui.

Sikio_la_Kulia

Hapo umenena mzee. Wengi wa watoto viziwi wazazi wao wanasikia, kwa hiyo alama mzazi anajifunza ukubwani. Usimpe somo refu. Mpe daftari lenye picha ya alama 20 za nyumbani: maji, ugali, mlenda, mbuzi, choo, naumwa, njoo, bado, kesho. Chini ya kila picha liwepo neno la Kiswahili. Aendelee kuongea Kigogo chake, mkono ufuate. Na kama tawi la chama cha viziwi liko karibu, omba kiziwi mtu mzima aje darasani hata mara moja kwa wiki. Mtoto aliyezungukwa na wanaosikia tu hana wa kuiga lugha ikitumiwa kwa kasi yake ya kawaida.

Mwl_Chamwino

Nimechukua yote. Manila ninayo. Zabibu ndiyo sijui kama zitafika kadi ya tatu.

KadiNaChaki

Hazifiki. Tumia karanga za maganda.