Naomba ushauri: tuwashukuru vipi wanaowatetea wazee wenye demensia?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Ujiji, Kigoma. Mtaani kwetu kuna akina mama wachache na kijana wa bodaboda wanaowasaidia wazee wenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu taratibu. Hawalipwi. Bibi akipotea njia, wanamrudisha kwao. Akiitwa mchawi kwa kuwa ametoka usiku akiongea peke yake, wao ndio husimama na kusema huyu anaumwa, apelekwe hospitali. Hilo linataka moyo hasa, maana anayemtetea naye hunyooshewa kidole.

Tunataka kuwashukuru hadharani tarehe 21 Septemba, Siku ya Alzheimer Duniani (Alzheimer ndiyo aina ya demensia inayowapata wengi zaidi). Mwenyekiti wa mtaa ameridhia, na michango imeanza. Tumekwama kwenye mambo mawili. Baadhi ya wenzangu wanataka wazee wenyewe waitwe mbele. Mimi naogopa, kwani zipo familia zisizotaka ugonjwa wa mzee wao ujulikane.

Je, tutaelezaje kazi ya watu hawa bila kuwaanika wagonjwa? Na zawadi iwe bahasha, vyeti au khanga, isije ikaonekana tunawalipa ujira?

Natanguliza shukrani.