Mserereko umenipita: nianzie TSC au kwa afisa utumishi?

MamaChaki: Habari za majukumu, walimu wenzangu. Niliajiriwa 2012 kwa cheti, daraja la mshahara wa walimu TGTS B, shule ya msingi. Mapema 2016 nikapewa barua ya kupanda TGTS C. Ukaja uhakiki wa watumishi hewa, katikati ya mwaka madaraja yakasimamishwa nchi nzima, barua yangu ikabaki karatasi. Nilipokuja kupandishwa niliandikiwa tarehe mpya kabisa. Mwenzangu tuliyeripoti naye pamoja, ambaye yake iliwahi kuingia kwenye mshahara, yuko daraja moja juu yangu hadi leo. Wote tunafundisha darasa la tatu, yeye mkondo A, mimi mkondo B.

Majina ya mserereko, yaani kupandishwa kwa waliocheleweshwa ili wawafikie wenzao, yalipotoka, langu halimo. Utumishi wananiambia niende TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu), TSC wananirudisha utumishi. Kinachoniuma zaidi ni mafao, maana pensheni inafuata mshahara wa miaka ya mwisho kazini. Nianzie wapi?

Mzee wa Ubao: Pole sana dada. Cheo ni cha TSC, mshahara unabadilishwa na mwajiri wako, yaani ofisi ya mkurugenzi. Kwa hiyo anzia TSC wilaya, kwa barua, ipitie kwa mwalimu mkuu. Ambatisha barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ile ya 2016 na ya daraja ulilonalo sasa. Hiyo ya 2016 ndiyo roho ya madai yako, usimwachie mtu nakala halisi.

Binti Mwalimu: Angalia na PEPMIS yako, ule mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi. Kama msimamizi hajaidhinisha utendaji wako, ukienda kudai daraja utaambiwa kwanza ukamilishe huko.

MamaChaki: PEPMIS yangu iko sawa, mwalimu mkuu aliidhinisha. Barua ya 2016 ninayo, ina muhuri na sahihi. Lakini nilishapeleka maombi mwaka jana, leo naambiwa hayaonekani kwenye jalada.

Mzee wa Ubao: Basi safari hii peleka nakala mbili. Moja waache nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Nakala ya tatu mpe mwakilishi wa CWT (Chama cha Walimu Tanzania) hapo shuleni. Mwalimu aliyesaini barua ya daraja na akaendelea kuingia darasani miaka yote hii hana cha kuombea huruma, anadai haki yake. Ukijibiwa, tuwekee hapa walichosema, wapo wengi wa 2016 wanaosubiri kujua.